Kukataa vita kwa dhamiri: Kanisa Katoliki linafundisha nini hasa?

Jumatano moja jioni, baada ya Injili na kabla ya chai, jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo huku Kangemi, Nairobi, iligawanyika katikati. Mama mmoja alikuwa ametuomba tumkumbuke mtoto wa kaka yake katika sala. Kijana huyo aliahidiwa kazi ya ulinzi Urusi, akauza pikipiki yake apate pesa za safari, na sasa anatuma ujumbe wa sauti usiku wa manane akinong'ona: amevishwa magwanda, amepewa bunduki, na ameambiwa wiki ijayo ni mstari wa mbele, Ukraine. Habari za vijana wa Kenya walionaswa hivyo zimekuwa magazetini tangu 2025, lakini zikiketi kwenye kochi lililo mbele yako huwa na uzito mwingine.

"Mama, mwambie akatae," akasema kijana mmoja wa kwaya. "Mkatoliki haruhusiwi kuua."

"Akatae vipi na alitia sahihi?" Aliyejibu ni mzee wetu aliyestaafu jeshini. "Kijana wangu, askari anayekataa amri anaitwa mtoro. Na kama Mkatoliki haruhusiwi kushika bunduki, mimi nilikuwa nani miaka 22? Padre alikuwa akija kambini kutusomea Misa."

Mwenyekiti akamtazama katekista. Katekista akafungua Biblia, akaifunga. Chai ilipoletwa bado tulikuwa tunabishana, na mama yule hakuwa amepata jibu. Nimeandika makala haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya yeyote anayechanganywa na swali lile lile.

Tuanze na neno linalobeba mzigo wote: dhamiri. Wengi wetu tunalitumia kumaanisha moyo kusitasita, au kutojisikia kufanya jambo. Mafundisho ya Kanisa yana maana nzito zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unaielezea dhamiri kuwa ni patakatifu pa mtu, mahali anapokuwa peke yake na Mungu, na sauti ya Mungu ikisikika ndani yake. Lakini patakatifu hapo panahitaji kutunzwa. Mimi huifananisha dhamiri na mizani ya duka la nyama. Muuzaji hana budi kufuata kinachosomwa na mizani, hawezi kutaja kilo anazotaka yeye. Wakati huo huo ana wajibu wa kuipeleka mizani hiyo ikaguliwe na kupigwa muhuri, maana mizani mbovu humdhulumu mteja hata kama muuzaji ana nia njema. Mkatoliki naye anapaswa kuifuata dhamiri yake, na anapaswa kuilea kwa Neno la Mungu, sala, mafundisho na ushauri wa wenye busara. Vyote viwili kwa pamoja.

Anayekataa vita kwa dhamiri, basi, ni mtu anayesimama wazi mbele ya wenye mamlaka akasema: jambo hili siwezi kulitenda, sababu yangu ni hii, na niko tayari kubeba gharama yake. Neno la kushika hapo ni "wazi". Mtoro huondoka usiku na hasemi kitu. Mkwepaji hununua cheti cha daktari. Aliyedanganywa, kama kijana wa jumuiya yetu, ni mwathiriwa wa ulaghai kwanza kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ingawa ndani yake pia dhamiri inaweza kuamka na kuanza kusema.

Na vita vyenyewe? Hapa ndipo kijana wa kwaya na mzee wetu walipopishana, kila mmoja akiwa na nusu ya mafundisho mkononi.

Tuliokaa kwenye vijiji vya mabati tunajua moto unavyokuja. Stovu inapinduka, au waya wa stima unashika, na kabla hujapata viatu nyumba tatu zimekwisha. Gari la zimamoto haliwezi kupita vichochoroni. Basi wanaume wanachukua nyundo na mitaimbo, wanabomoa nyumba ambayo bado haijashika moto, ili moto ukifika hapo ukose pa kwenda. Hakuna anayefurahia kazi hiyo. Ile ni nyumba ya mtu, kitanda chake na sare za shule za watoto wake vimo ndani. Lakini wakati mwingine ndiyo njia pekee ya kuokoa kijiji.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu vita vya haki, yaliyoanza kujengwa na Mtakatifu Augustino na kupangwa vizuri na Mtakatifu Thoma wa Akwino, yanauliza maswali ambayo mzee yeyote mwenye akili angeyauliza usiku wa moto. Je, ni moto kweli, au ni moshi wa jiko la jirani? Maji yamejaribiwa? Tukibomoa, kuna matumaini ya kweli kwamba moto utakoma? Na je, tutakachokiharibu hakizidi tutakachokiokoa? Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, namba 2309, inayaweka masharti hayo: madhara ya mchokozi yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, pawe na matumaini ya kweli ya kufanikiwa, na silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale yanayozuiwa. Sharti moja likikosekana, ruhusa hakuna.

Sasa mtazame jirani wa kwanza usiku huo. Anasema: "Mimi sibomoi nyumba ya mtu, leo wala kesho. Nipeni ndoo. Nipeni watoto niwatoe." Huyu anakataa vita vyote. Jirani wa pili anasema: "Mwaka juzi nilibomoa pamoja nanyi kwa sababu moto ulikuwa wa kweli. Lakini nyumba hii haiungui. Nyinyi mnataka kiwanja." Huyu anakataa vita hivi. Wa tatu amekwisha kubeba televisheni yake na kupotelea gizani, na huyo si wa kujadiliwa hapa.

Kanisa linawaheshimu wawili wa kwanza, na linamheshimu pia anayebomoa kwa uchungu kwa kuwa moto ni wa kweli. Gaudium et Spes, ile hati ya Mtaguso, katika namba 79, inasema wanajeshi wanaotimiza wajibu wao ipasavyo ni watumishi wa usalama na uhuru wa watu, kisha inasema ni haki sheria ziweke utaratibu wa kiutu kwa wale wanaokataa silaha kwa sababu ya dhamiri, mradi wakubali kuitumikia jamii kwa njia nyingine. Wanajeshi Wakatoliki wa Kenya wana jimbo lao la kijeshi tangu 1964. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa akiishi katika dhambi miaka 22, na familia zilizozika vijana wao baada ya kambi ya wanajeshi wetu kushambuliwa El Adde, Somalia, mwaka 2016 hazina sababu ya kuinamisha kichwa. Nalisema hili mapema kwa kuwa nimeona jinsi mjadala wa amani unavyoweza kumgeuza mjane wa askari kuwa mshtakiwa, na hilo si amani.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya wazungu walioshiba. Hebu turudi nyuma hadi mwaka 295, Tebessa, nchi tunayoiita leo Algeria. Kijana wa miaka 21, Maximilianus, mwana wa askari mstaafu, analetwa mbele ya liwali Dion ili aandikishwe katika jeshi la Roma. Ukiwahi kusimama uwanjani siku ya kusajili makurutu wa KDF, jeshi la Kenya, vijana wakipimwa kimo kifua wazi, utaiona picha hiyo vizuri, kwa sababu kumbukumbu ya kesi inasema Dion aliamuru kijana apimwe, na akapimwa, na kimo chake kikasomwa kwa sauti. Maximilianus akasema hawezi kuwa askari, yeye ni Mkristo. Dion akamkumbusha kwamba wapo Wakristo katika walinzi wa mfalme mwenyewe. Jibu lake ningependa kila jumuiya ilijue: hao wanajua kinachowafaa, mimi ni Mkristo na siwezi kutenda uovu. Hakumhukumu mtu. Dion akamgeukia baba yake amshawishi mtoto. Baba akajibu kwamba mwanawe ana akili zake na anajua linalomfaa.

Kabla ya kukatwa kichwa, Maximilianus alimwomba baba yake ampe askari aliyemwua zile nguo mpya zilizokuwa zimeandaliwa kwa ajili ya jeshi.

Miaka kama 60 baadaye, Martino, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Tours, aliomba kuachishwa jeshi mkesha wa mapigano. Akaitwa mwoga papo hapo. Akajibu kwamba kesho yake wamweke mbele ya kikosi bila ngao wala kofia ya chuma. Sisi tuna methali, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mara nyingi hutupiwa mtu anayekataa kupigana. Nadhani hapa inakosa shabaha. Nyumbani kwa Maximilianus kulienda kilio. Na Desmond Doss, Msabato wa Marekani aliyekataa kugusa bunduki katika Vita vya Pili vya Dunia na kwenda vitani kama mhudumu wa majeruhi, aliteremsha makumi ya wenzake mmoja mmoja kutoka juu ya jabali huko Okinawa, risasi zikivuma.

Baada ya Roma kuwa ya Kikristo, sauti za kukataa zilipungua. Kwa karne nyingi mapadre wengi walifundisha kwamba raia wa kawaida hana habari za kutosha kupima kama vita ni vya haki. Hayo ni ya mfalme. Mkulima alime, akiitwa aende, na lawama zitamwangukia aliyemtuma. Fundisho hilo lilikuja kupimwa na mkulima mmoja.

Franz Jägerstätter alizaliwa mwaka 1907 katika kijiji cha St. Radegund, Austria. Alikuwa na shamba, alikuwa sakristani wa parokia, alikuwa na mke, Franziska, na mabinti wadogo watatu. Ujanani alikuwa mtu wa fujo, mwenye pikipiki kijijini. Hitler alipoimeza Austria mwaka 1938 na watu wakaitwa kupiga kura ya kukubali, yeye peke yake kijijini alipiga kura ya hapana. Alipoitwa jeshini alikwenda mafunzo, akarudi, na akaapa moyoni kwamba akiitwa tena kwa vita vya Hitler hatapigana. Hakusema vita vyote ni haramu. Alisema vita hivi ni uporaji, na kwamba mtu hawezi kuwa askari wa Kristo na askari wa Hitler kwa pamoja.

Alikwenda kuomba ushauri, kama mtu anayepeleka mizani ikaguliwe. Mapadre walimwambia afikirie watoto. Alikwenda hadi Linz kumwona askofu, na askofu akamwambia vile vile: wajibu wako ni kwa familia, na kupima vita si kazi yako. Fikiria upweke huo. Yule unayemtegemea akuimarishe anakuambia urudi nyumbani ukavae magwanda.

Machi 1943 alijisalimisha na kutamka wazi kwamba hatapigana. Aliomba ahudumie majeruhi, hakusikilizwa. Julai mahakama ya kijeshi ya Berlin ilimhukumu kifo. Franziska alisafiri na padre wa kijijini, akaruhusiwa kumwona kwa kama dakika ishirini. Kutoka gerezani Franz aliandika kwamba ingawa anaandika mikono ikiwa imefungwa, hilo ni afadhali kuliko utashi wake ungefungwa. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943.

Vita vilipokwisha kijiji kilimlaumu mjane. Wengine walisema ndiye aliyemtia mumewe ucha Mungu wa kupindukia, kwa hiyo ndiye aliyemwua. Aliendesha shamba mwenyewe na kulea mabinti. Kanisa lilichukua muda mrefu kumfikia Franz. Tarehe 26 Oktoba 2007, katika kanisa kuu la Linz, mji ule ule ambao askofu wake alimwambia Franz arudi nyumbani, alitangazwa mwenye heri, hatua ya kuelekea kuitwa mtakatifu. Franziska alikuwapo, bibi kizee wa miaka 94.

Nimekaa hapa kwa makusudi. Kisa hiki kinaonyesha kwamba Wakatoliki waliozungumza kuhusu amani baada ya hapo hawakuwa wakicheza na maneno. Walikuwa wanatubu. Ufaransa, mwaka 1945, mwalimu aliyeitwa Marthe Dortel-Claudot na Askofu Pierre-Marie Théas, aliyekuwa amefungwa na Wanazi na huko kambini akawahubiria wafungwa wenzake upendo kwa adui, walianzisha kampeni ya kuwaombea Wajerumani. Sala hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Pax Christi, harakati ya amani ya Wakatoliki iliyoenea katika nchi nyingi. New York, Dorothy Day na wenzake wa Catholic Worker, walioanza mwaka 1933 kwa gazeti la senti moja na sufuria za supu kwa wasio na kazi, walikataa vita hata vile dhidi ya Hitler, na wasomaji wengi wakawakimbia. Sikubaliani nao katika kila jambo, na wengi wa marafiki zao hawakukubaliana nao. Lakini mwaka 1965, Mtaguso ulipokuwa ukijadili suala la vita, Dorothy alikuwa Roma pamoja na wanawake wengine wakifunga kula kwa siku 10, wakiwaombea maaskofu. Namba 79 niliyoitaja ilitoka Desemba ya mwaka huo.

Ungedhani fundo lingekuwa limefunguka hapo. Kumbe ndipo lilipokazwa upya, safari hii na sheria.

Mkumbuke jirani wa pili, yule anayesema "nyumba hii haiungui". Mtu aliyelelewa katika mafundisho ya vita vya haki kwa kawaida huwa kama yeye: anapima kila vita kivyake. Sheria za nchi nyingi, hata hivyo, zinamtambua yule wa kwanza tu. Wakati wa vita vya Vietnam, askari Mkatoliki wa Marekani, Louis Negre, aliomba aachishwe kwa kuwa Kanisa lake lilimfundisha kutofautisha vita vya haki na visivyo vya haki, na hivi havikuwa vya haki. Maaskofu wa Marekani walikuwa tayari wamesema mwaka 1968 kwamba watu wa namna hiyo wanastahili kulindwa na sheria. Mahakama ya Juu mwaka 1971 ilikataa, kura nane kwa moja: ukitaka kutambuliwa, ukatae vita vyote. Yaani aliyefuata katekisimu yake kwa makini alikosa, na asiyeamini vita hata kimoja alipata.

Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilifanya vivyo hivyo. Vijana weupe walilazimishwa kuingia jeshini, jeshi lililokuwa likipigana Namibia na Angola na baadaye kuingia mitaa ya Waafrika. Maaskofu Wakatoliki walitangaza mwaka 1977 kwamba wanatetea haki ya kukataa, iwe ni kukataa vita vyote au vita ambavyo mtu anaamini kwa dhati si vya haki. Serikali mwaka 1983 ikaunda bodi iliyotambua wale tu wanaokataa vita vyote kwa sababu ya dini. Wengine walikabiliwa na kifungo cha hadi miaka sita. Askofu Mkuu Denis Hurley wa Durban alisimama na vijana hao hadharani, na kampeni ya kukomesha utumishi huo wa lazima ikakua makanisani na vyuoni.

Na karibu zaidi nasi? Hapa Nairobi tunaishi na majirani Waeritrea, tunapanga nao ploti moja na watoto wetu wanasoma pamoja. Waulize kwa nini waliondoka, wengi watakutajia utumishi wa taifa. Sheria ya 1995 iliuweka kuwa miezi 18. Baada ya vita na Ethiopia, vya 1998 hadi 2000, ukawa hauna mwisho: mtu anaingia kijana na kutoka na mvi, au hatoki. Mashahidi wa Yehova watatu waliokataa walikamatwa mwaka 1994 na kuachiliwa Desemba 2020, miaka 26, bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Eritrea waliandika barua ya kichungaji kuhusu vijana wanaoitoroka nchi, wakaipa swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini: yuko wapi ndugu yako? Kuandika hivyo ukiwa ndani ya nchi ile kunahitaji moyo.

Sisi wenyewe tumewahi kuchukuliwa kwa nguvu. Ukienda soko la Kariokor, hapa Nairobi, kununua kiondo au akala, unatamka bila kujua jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lililoviringika katika vinywa vya babu zetu mpaka likawa letu. Mwaka 1917 ulikuwa msako mkubwa. Machifu walitoa vijana, wakabebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza hadi ndani ya Tanganyika, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao wakiuawa na kuhara, malaria na njaa. Hakuna aliyewauliza kuhusu dhamiri zao. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama kutoka pwani, alikwisha kuwaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasitoe vijana wao, na ingawa uasi wao ulikuja kuwa wa mapambano, ule mwanzo wake, mama anayesimama kati ya chifu na mtoto, naujua. Nimeuona kwenye kochi la Kangemi.

Leo Kenya haina jeshi la lazima. Vijana wetu hupanga foleni wakitamani kuchukuliwa. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri, na kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani au dini yake. Kimataifa, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 1993 kwamba haki ya kukataa vita inatokana na uhuru wa dhamiri ulio katika mkataba ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972.

Mzee wetu angeuliza: na aliyejiunga kwa hiari? Je, saini haimfungi? Humfunga kwa mengi, ila dhamiri si kitu kinachokaguliwa mara moja tu maishani. Mtu anaweza kujiunga akiwa na miaka 19 akitafuta mshahara, akaona asichokitarajia, akabadilika. Marekani yenyewe, ambayo haikumwelewa Negre, ina utaratibu wa askari wa hiari kuomba kuachishwa kwa dhamiri: anaandika maelezo yake, anahojiwa na kasisi wa jeshi, na mtaalamu wa afya ya akili, na ofisa wa kuchunguza. Na hata asipoomba kuachishwa, Katekisimu inamwambia raia yeyote kwamba amri iliyo kinyume cha maadili haimfungi. Wale wanaonukuu "mpeni Kaisari yaliyo ya Kaisari" huikatiza aya katikati.

Kuna lingine nililolichelewesha kwa sababu ndilo lililonisumbua tangu jioni ile. Kijana wa kwaya alisema "mwambie akatae". Alisema kwa huruma. Lakini dhamiri haiamrishwi, si na serikali wala na jumuiya. Sisi tuliokuwa tunakunywa chai Kangemi hatuna mamlaka ya kumtuma mtoto wa watu akasimame mbele ya bunduki ili sisi tuwe na shahidi wa kumsimulia. Baba wa Maximilianus hakumsukuma wala hakumvuta. Franziska alijaribu kwanza kumzuia mumewe, kisha alipomwona yuko peke yake dhidi ya wote, akaamua kuwa upande wake.

Kumsaidia anayekataa, basi, ni kazi ya wanaomzunguka, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono. Ni kumsikiliza bila kumharakisha. Ni kumsaidia kupanga mawazo yake yakaandikika, maana wenye mamlaka watamwuliza: umeanza lini kuamini hivi, nani alikufundisha, ungemfanya nini mwizi akimvamia mama yako? Catholic Peace Fellowship, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1964, imefanya kazi hiyo ya ushauri, mtu mmoja mmoja. Ni paroko kuandika barua kwamba anamjua. Ni wakili. Ni mtu wa kwenda gerezani na sabuni. Ni kulipa karo ya watoto wake, jambo ambalo St. Radegund haikumfanyia Franziska. Huduma ya Wajesuiti kwa Wakimbizi imekuwa jijini hapa miaka mingi ikiwapokea waliokimbia vita, na nani ajuaye ni wangapi miongoni mwao walikimbia kwa sababu hawakutaka kuua.

Na amani haianzi siku ya kukataa bunduki. Marehemu Askofu Cornelius Korir wa Eldoret alifungua uwanja wa kanisa lake kuu kwa maelfu waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, kisha kwa miaka akawa akiwakalisha wazee wa makabila yaliyochinjana, kwanza kila kundi peke yake, halafu pamoja, halafu wajenge kitu kimoja, barabara au shule. Mahali palipo na kazi kama hiyo, vijana wachache huombwa kuua.

Jumatano iliyofuata mama alikuja na daftari la shule, la kurasa 48. Paroko alikuwa amemwambia aandike barua ya kupeleka Wizara ya Mambo ya Nje, naye ataambatanisha ya kwake. Hakujua aanzie wapi. Mzee wetu akavuta kiti karibu, akavaa miwani, akamwomba atuwekee tena ule ujumbe wa sauti. Tukausikiliza wote, simu ikiwa juu ya meza kati ya vikombe. Kijana alikohoa, akanong'ona: "Shangazi, siwezi kumpiga risasi mtu ambaye hata jina la kijiji chake siwezi kulitamka."

"Hilo," mzee akasema. "Mama, andika hilo kwanza, vile vile alivyolisema."